Mboji ya Wifi Yangu

Siku wifi yangu alipozungumza redioni, nilikuwa nimeketi kwenye benchi ndani ya stoo ya mifagio, nyuma ya soko la Voi, nikingoja wafagiaji wangu wamalize chai. Mmoja wao alikuwa na simu yenye redio. Aliiweka juu ya karai lililopinduliwa ili sauti isikike vizuri. Mtangazaji akasema leo ana mgeni kutoka Chawia, mama anayeongoza kamati ya taka ya wodi yake, na hapo hapo nikasikia kicheko ninachokijua. Hakuna mtu mwingine anayecheka vile, kwa kuvuta pumzi ndani.

"Si huyu ni wifi yako?" mfagiaji mmoja akaniuliza.

"Ndiye," nikasema.

Wakapiga makofi, wakaongeza sauti. Wifi akaeleza jinsi watu wa kwao wanavyotenga taka nyumbani, gunia moja la vitu vinavyooza na jingine la visivyooza. Akaeleza jinsi wanavyogeuza maganda na majani kuwa mboji huko huko kwao, bila kungoja lori kutoka mjini. Alieleza vizuri, na alieleza kwa maneno yangu. Kisha mtangazaji akamuuliza ni nani aliyemfundisha. Nikaketi wima, nikajipangusa jasho usoni, kana kwamba watu wa redioni wangeniona.

"Nilifundishwa na mama yangu," akasema.

Nilisimama nikawaambia wafagiaji kwamba muda wa chai umekwisha, ingawa vikombe vyao vilikuwa bado vimejaa.

Kazi ya usafi niliianza kwa kushika ufagio mimi mwenyewe, enzi za baraza la mji, kabla ya serikali za kaunti kuja. Nilipofanywa msimamizi, tayari nilikuwa najua kila mtaro wa Voi na kila duka linalofagia uchafu wake usiku na kuuacha mbele ya mlango wa jirani. Tulikusanya kila kitu pamoja, maganda ya ndizi, chupa, pampas za watoto, vichwa vya samaki, matambara. Vyote viliingia lori moja, na lori likavimwaga jaani nje ya mji, ambako nyani walikuwa wameshajua saa ya kutungoja. Lori likiharibika, mji mzima ulinuka. Huko juu milimani lori halikufika ila mara chache, kwa hiyo watu walitupa vitu vyao makorongoni na kuiachia mvua kazi iliyobaki.

Mimi nilikuwa na kona yangu. Nyuma ya wauzaji wa ndizi palikuwa na kipande cha ardhi kisichotakiwa na mtu, nikaanza kurundika hapo maganda na majani makavu, tabaka juu ya tabaka, na kuyageuza kwa jembe uma kila baada ya siku chache. Yakawa udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Akina mama wa sokoni walikuja na ndoo kuuchukua kwa ajili ya sukumawiki zao. Nilijivuna. Katika mkutano mmoja ofisini nikainua mkono, nikasema badala ya kubeba taka za kila mahali kwa lori moja, kila wodi ipewe mahali pake na watu wake, wazitenge na kuzimaliza kule kule zinakotoka. Mkubwa mmoja alicheka akasema, "Mama, wewe shughulikia mifagio." Muda mfupi baadaye tukaambiwa wageni wanakuja kukagua soko, na lundo langu likaondolewa asubuhi moja, likapakiwa kwenye lori pamoja na pampas.

Wakati huo wifi alikuwa anakaa kwetu. Ni dada mdogo wa mume wangu, na alikuwa ameteremka na mtoto wake aliyekuwa akitibiwa hospitalini. Alasiri alikuwa akinifuata sokoni. Aliuliza maswali mengi: kwa nini unaweka majani makavu, kwa nini unageuza, unajuaje kwamba imeiva. Nilimwonyesha jinsi ya kuingiza mkono katikati ya lundo kupima joto. Alipoingiza wake alipiga kelele, "Wifi, ni kama uji!" Siku lundo lilipoondolewa alikuwa amesimama kando yangu, na ndiye aliyelia. Mimi sikulia.

Miaka ikapita. Kisha jambo lile lile likaja kutoka juu kama mpango rasmi: kila wodi iwe na kamati yake ya taka na mahali pake pa kuzitenga, na lori libebe yale tu yanayobaki. Ofisini kwetu maneno yangu yalisomwa kutoka kwenye karatasi nzuri inayong'aa, na aliyeyasoma ni yule yule aliyekuwa amecheka. Hata hivyo nilifurahi. Nilifikiri nitaitwa. Wodi ya kwanza kuanza ikawa Chawia, na watu wa huko wakamchagua wifi yangu, mwanamke anayeuza kabichi na parachichi Mwatate, awe mwenyekiti.

Nilimpigia simu kumpongeza. Nilisema yote yanayopaswa kusemwa, na baada ya kukata simu nikagundua kwamba nimekunja pembe ya kitambaa cha meza hadi kikakaa kama kamba.

Krismasi ile, baada ya yale ya redioni, tulipanda kwenda kwa mama mkwe kama kawaida. Zamani, jamaa wakitaka kujua mambo ya kaunti, waliniuliza mimi. Mwaka ule kila mtu alikuwa na swali kwa wifi. Shemeji zangu walitaka kuona mahali penyewe, tukateremka sote baada ya chakula. Palikuwa pazuri. Walikuwa wamepewa uwanja mdogo chini ya maduka, wakaujengea paa la mabati na vyumba vitatu vya mbao, na bango lililoandikwa kwa rangi ya kijani. Wifi alikuwa na gambuti mpya za manjano. Mimi katika miaka yangu yote ya kazi nilinunuliwa gambuti nyeusi, tena za kiume, zinazonipwaya kisigino. Nilizitazama zile za manjano zaidi kuliko nilivyoitazama mboji.

"Mbona umenyamaza?" mume wangu aliniuliza tukipanda kurudi nyumbani.

"Nimechoka na mlima."

"Ni dada yangu, ujue. Na wewe ndiye uliyemwonyesha. Si ungefurahi?"

"Nimefurahi," nikasema. Kwa sauti ile niliyoitoa, mtu yeyote angejua kwamba ni uongo, na yeye alijua, akatembea mbele.

Mvua za masika zilikuja kubwa. Jioni moja nilikuwa jikoni nikipukuchua mbaazi, simu ikalia. Alikuwa wifi.

"Wifi, nisaidie," akasema bila hata kusalimu. "Mboji imeanza kunuka. Imekuwa nyeusi, inateleza kama matope, na nzi ndio hao. Nimekosea wapi?"

Nilijua pale pale. Mtu aliyefanya kazi ile angejua hata akiwa usingizini. Watu walikuwa wamezoea, walikuwa wanaleta taka nyingi mbichi, mvua nayo ilikuwa inapiga kutoka upande usio na ukuta, na majani makavu yalikuwa yamekwisha. Lundo lilikuwa limeshiba maji na halikuwa linapumua. Dawa yake ni kuligeuza lote, kulichanganya na vitu vikavu, na kuziba ule upande. Maneno manne au matano tu. Yalikuwa mdomoni.

"Mboji hunuka," nikamwambia. "Iache. Itatulia yenyewe."

"Kweli?"

"Kweli, wifi. Usiwe na wasiwasi."

Akanishukuru. Nikarudi kwenye mbaazi zangu. Ningependa kusema kwamba moyo ulinisuta, lakini jioni ile haukunisuta. Nilikula vizuri.

Majirani walivumilia kadiri walivyoweza, kisha wakaandika barua. Barua ikafika Voi mezani kwa mkubwa wangu, akaniita. "Wewe ndiwe unayeyaelewa mambo haya," akasema. "Panda ukaone, chifu ameitisha baraza. Ukirudi uniandikie ripoti." Hakujua kwamba mwenyekiti ni wifi yangu, nami sikumwambia. Nilipiga pasi sketi yangu ya bluu na blauzi nyeupe. Sijawahi kuupanda mlima ule kwa furaha kama ile.

Harufu ilinipokea kabla sijaliona bango. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na zile gambuti za manjano, ambazo sasa zilikuwa zimepakaa uchafu hadi magotini. Alikuwa amekonda. Alinyoosha mikono anikumbatie, kisha akawaona watu wanatutazama, akaishusha.

"Karibu, afisa," akasema.

Barazani mzee mmoja anayekaa jirani alisema nzi wanaanguka ndani ya chai yake. Baba mwingine alisema watoto wanaopita hapo kwenda shule wanaziba pua. Mama mmoja akasimama kuwajibu: "Na kabla ya kamati, mlikuwa mnatupa wapi? Si kwenye lile korongo, na sisi tunachota maji chini yake?" Watu wakaanza kupayukiana. Chifu akagonga meza, akanigeukia.

"Afisa kutoka Voi, wewe unasemaje?"

Nilisimama. Wifi alikuwa safu ya mbele, mikono mapajani, akinitazama. Alichopaswa kufanya ni kufungua mdomo tu aseme, nilimpigia simu huyu, nikamuuliza, akaniambia niiache. Nilimngoja aseme. Alikuwa ananingoja mimi.

"Pafungwe kwa muda," nikasema, "mpaka tuchunguze."

Baadhi wakapiga makofi. Chifu akamuuliza mwenyekiti kama ana neno. Wifi akainuka akasema, "Sawa. Tumesikia," akaketi.

Singeweza kurudi Voi bila kupita kwa mama mkwe, nyumba iko hatua chache tu kutoka barabarani. Alinikaribisha chai. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Alinitazama nikinywa, kisha akauliza taratibu, bila ukali wowote:

"Mwanangu, mbona hukumwambia achanganye na majani makavu?"

Nikaweka kikombe chini.

"Hata mimi nalijua hilo. Njoo."

Alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye migomba. Palikuwa na shimo pana, limejaa maganda, majivu, maganda makavu ya maharage na majani ya migomba yaliyokaushwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na halikuwa likinuka. Akachokora kwa fimbo, chini mkawa na udongo mweusi.

"Ulipoolewa hapa, kazi ya kwanza niliyokutuma ilikuwa kumwaga maganda ya viazi humu," akasema. "Ukaniuliza, mama, mbona hapanuki? Nikakwambia, kibichi hakilali bila kikavu. Siku ile ulikaa hapa ukichokora mpaka chakula kikapoa. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba niliivumbua mwenyewe kule sokoni, kwa akili yangu, na nilikuwa nimewachukia watu kwa ajili ya kitu nilichopewa na mwanamke huyu nikiwa bibi arusi. Wifi hakuwa amedanganya redioni. Nilimwuliza mama kwa nini basi hakumsaidia binti yake, naye anajua.

"Nilimwambia," akasema. "Akanijibu, mama, hilo lako ni shimo la migomba, hii ni ya wodi nzima. Wacha nimuulize wifi. Mtaalamu ni wifi."

Nilirudi Voi nimeegemeza kichwa kwenye dirisha la gari. Ile ripoti niliianza mara tatu, kisha nikaipeleka bila kuitaja ile simu ya wifi.

Pale mahali palifungwa, na katika majuma yaliyofuata nililetewa habari bila kuuliza. Magunia yalirundikana mbele ya maduka. Lori lilitumwa kutoka chini, likakwama kwenye matope likavutwa na trekta. Watu wakachoka kungoja, wakarudi korongoni. Yule mzee wa nzi, nilisikia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa huko.

Nikaomba likizo. Nilipitia Mwatate kwa mafundi seremala, wakanipa maranda, magunia mengi kadiri gari lilivyoweza kubeba, wakifurahi kuyaondoa. Nilivaa gambuti zangu nyeusi. Wifi nilimkuta peke yake ndani ya ule uwanja uliofungwa, anachimba mtaro wa kuondoa maji, kazi ambayo hakuna mtu aliyemwagiza. Aliyaona magunia, akaona mavazi yangu, akaendelea kuchimba.

"Wifi," nikasema. "Siku ile uliyonipigia nilijua tatizo ni nini. Nilijua, nikakunyima."

Jembe likasimama.

"Kwa nini?"

"Wivu."

Akaegemea mpini wa jembe. "Wivu wa nini? Wewe una ofisi. Una mshahara. Ukikohoa soko zima la Voi linageuka."

"Walikuchagua. Wakakupa redio. Na hukunitaja."

"Mama alikuwa ameketi kando yangu mle studioni!" akasema, na sauti yake ikapanda. "Alinisindikiza. Ningesema nimefundishwa na nani, na yeye ananitazama? Nilidhani utaelewa. Nilidhani utacheka." Akayafuta macho kwa mkono wenye udongo. "Kule barazani nilikungoja useme. Nikasema moyoni, wifi atasema sasa hivi. Nilikaa pale nikikungoja kama mjinga."

"Ungeweza kuniumbua," nikasema.

"Ndiyo. Ningekuumbua. Halafu ningemwangaliaje kaka yangu?"

Nilimwomba msamaha, na nikaona msamaha wenyewe ni kitu kidogo sana ukilinganisha na lile lundo.

"Nimekasirika," akasema. "Na kesho nitakuwa bado nimekasirika. Shika uma."

Tuligeuza kutwa nzima. Mboji iliyoshiba maji ni nzito kama nyama, na harufu yake inakaa kwenye nywele hata ukioga mara tatu. Tuliweka tabaka la uozo, tabaka la maranda, tabaka la mabua ya mahindi. Siku ya pili yule mama aliyeitetea kamati barazani akaja na binti zake na mafurushi ya majani makavu. Tuliziba upande wa mvua kwa mabati. Wifi alinipa maji ya kunywa, akaninawisha mikono, lakini hakunicheka wala kunichekea. Siku ya nne akauzamisha mkono wake katikati ya lundo, akautoa upesi.

"Imeshika moto," akasema.

Niliandika ripoti nyingine. Ndani yake niliandika kwamba mwenyekiti aliomba ushauri mapema kutoka kwa afisa, na afisa huyo, ambaye ni mimi, alimpa ushauri usiofaa. Mkubwa wangu aliisoma mara mbili. Nilipewa barua ya onyo, iko kwenye faili langu hadi leo. Chifu akaitisha baraza jingine, pakafunguliwa, kwa sharti kwamba kuwe na akiba ya vitu vikavu kabla ya kila masika.

Ningependa kuishia hapo, nimeungama na nimepona. Lakini baada ya miezi kadhaa wakaja wageni, wanakamati kutoka wodi nyingine, wengine wakitoka mbali hadi Kasigau na Taveta, kuja kujifunza. Nami nilikuwepo kwa niaba ya ofisi. Wifi aliwatembeza. Aliwaambia kuhusu mama na shimo la migomba, na akaniita nisimame karibu naye, akasema huyu ni wifi yangu, yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufanya kwa wingi. Alisema mbele ya watu wote. Nilikuwa nimelitamani neno hilo kwa miaka. Lilipokuja lilidumu kadiri sentensi ilivyodumu, kwa sababu mara moja mgeni mmoja akanipa simu yake akasema, "Mama, tupigie picha na mwenyekiti," wote wakamzunguka wifi, nami nikabaki upande wa pili.

Niliwapiga picha. Niliwaambia wasogee kidogo ili bango lionekane lote. Kifua kilikuwa kinaniwaka vile vile kama siku ya Krismasi, na nilishangaa kukuta wivu unaweza kukaa ndani ya mtu ambaye ameshaomba msamaha na kusamehewa, kama mpangaji asiye na haraka ya kuhama.

Mwaka huu ofisi imenirudishia kona, si ile ya zamani, ni nyuma ya vyoo vya soko, mahali ambapo jua linapiga kutwa. Wifi aliteremka akakaa kwetu wiki nzima kunisaidia kuianzisha. Asubuhi ya kwanza wauzaji wa ndizi walikuja na maswali, na nikawaona wananipita, wananipa mgongo, wanamwendea yeye, yule mama wa redioni. Wanaiita mboji ya Chawia. Niliwasahihisha mara moja, nikawasahihisha mara ya pili. Wifi akawa anatazama chini akizuia kicheko.

"Wacha tu," nikamwambia. "Wajibu wewe. Mimi naenda kutafuta majani makavu."

Nikachukua gunia nikatoka. Nilitembea hadi kule kwenye miarobaini karibu na reli, nikajaza taratibu, nikakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.